Chakula na mbegu za mwanaume: mwongozo kamili wa miezi mitatu

Mwanamke anaingia na bahasha ya kaki iliyofura. Ndani mna picha za ultrasaundi, kipimo cha mirija, majibu ya homoni, na risiti za dawa za kusafisha kizazi alizonunua huku na kule kwa miaka minne. Mumewe yuko nje chini ya mwembe, amekaa juu ya pikipiki yake, anasubiri kuambiwa mke ana tatizo gani. Nikiuliza, "Na baba amepima?", mama anainamisha kichwa.

Mimi ni afisa lishe. Watu hawa huletwa kwangu niwapangie chakula, na kwa miaka mingi nilikuwa nawapangia wake peke yao kwa kuwa wao ndio waliokuwa mbele ya meza yangu. Nilikosea. Katika karibu nusu ya ndoa zinazohangaika kupata mtoto, upande wa mume una mchango wake, ama peke yake ama pamoja na wa mke. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kuwa mtu mzima 1 kati ya 6 hukutana na ugumba wakati fulani maishani. Hao ni majirani zetu na ndugu zetu, na wengi wamenyamaza.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa baba aliye chini ya mwembe.

Kwanza tutenganishe mambo mawili

Nguvu za kiume ni kitu kimoja, na uwezo wa kutungisha mimba ni kitu kingine. Mwanaume anaweza kuwa imara kitandani kila siku na shahawa zake zisiwe na mbegu hata moja. Hatajua, kwa sababu macho hayawezi kuona: mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana ya kile kinachotoka, kilichobaki ni majimaji ya tezi. Na mwingine anaweza kuwa na shida ya kusimamisha huku mbegu zake ni nzima kabisa.

Nasisitiza hili kwa sababu fedha nyingi hupotelea hapo. Supu ya pweza ya jioni, mkuyati, vumbi la Kongo, mukombero wa Kakamega, vyote huuzwa kwa habari ya nguvu. Supu ya pweza sina ugomvi nayo, pweza ana protini na madini ya zinki na seleniamu, kunywa ukipenda. Ila haiongezi mbegu usiku huohuo, na utaona sababu hapo chini. Unga usio na jina la mtengenezaji uachane nao. Mamlaka za dawa, ikiwemo FDA ya Marekani, zimekuta mara nyingi "dawa za asili" za aina hiyo zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, ambayo kwa mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti inaweza kuua.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kubadilisha sahani

Kama mmekutana bila kinga kwa miezi 12 na mimba haijaingia, muda wa kupima umefika. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, msingoje zaidi ya miezi 6. Kipimo cha kwanza cha mwanaume ni rahisi kuliko vyote alivyopitia mkewe: ni kikopo kimoja.

Siku mbili hadi saba kabla ya kipimo usitoe shahawa kwa njia yoyote. Zikipungua siku mbili idadi itaonekana ndogo, zikizidi saba mbegu nyingi zitakuwa zimechoka. Utapewa kikopo safi chenye mfuniko. Usitumie kondomu ya kawaida, mafuta, sabuni wala mate, kwa sababu vyote hivyo vinadhuru mbegu. Tone la kwanza lisimwagike, maana sehemu ya mwanzo ndiyo yenye mbegu nyingi; likimwagika, mwambie mtaalamu wa maabara bila aibu. Ukitolea nyumbani, kikopo kifike maabara ndani ya saa moja, kikiwa karibu na mwili wako, mfuko wa ndani wa shati au kwapani. Usikiweke kwenye boksi la pikipiki wala kwenye friji.

Majibu yatakuja na namba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka viwango vya chini hivi: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, jumla milioni 39 kwa mshindo mmoja, zinazotembea asilimia 42 (zinazokwenda mbele asilimia 30), na zenye umbo zuri asilimia 4. Hiyo ya mwisho huwatisha watu. Asilimia 4 ni kawaida. Wanaume wengi wenye watoto wao wana mbegu nyingi zenye umbo baya. Na kuwa chini kidogo ya namba hizi si hukumu. Rudia kipimo baada ya wiki kadhaa kabla ya kuamini chochote, kwa kuwa matokeo ya mtu yuleyule hupanda na kushuka sana.

Kwa nini nasema upime kabla ya kula? Kwa sababu kuna mambo ambayo mchicha hauyafikii. Mirija iliyoziba baada ya kisonono au klamidia, matubwitubwi yaliyoshuka kwenye korodani baada ya kubalehe, mishipa iliyovimba juu ya korodani ambayo madaktari huiita varikosili, busha, kasoro ya vinasaba. Haya ni ya daktari. Nimeona mtu akila mbegu za maboga mwaka mzima kwa imani yote, kumbe mirija yake imefungwa. Mwaka ule ulikuwa pia mwaka wa umri wa mkewe.

Hatua ya 2: Weka alama kwenye kalenda

Mbegu moja hutengenezwa kwa takriban siku 74 ndani ya korodani, kisha hutumia kama wiki mbili nyingine kukomaa na kusafiri. Jumla ni karibu miezi mitatu. Mbegu unazotoa leo zilianza safari yake karibu siku 90 zilizopita, zikiwa zimejengwa kwa ulichokula, ulichokunywa na ulichougua wakati ule. Homa kali ya malaria ya mwezi uliopita inaweza kuonekana kwenye kipimo cha mwezi huu. Ndiyo maana hakuna chakula cha leo kwa leo, na anayekuahidi wiki mbili anakudanganya.

Chukua kalenda ya ukutani, zungushia tarehe ya leo, hesabu siku 90, zungushia tena.

Kinachotokea ndani

Nenda sokoni ukaangalie dagaa wakavu. Wazuri wanang'aa rangi ya fedha na wanavunjika ukiwakunja. Waliokaa sana juani na kwenye magunia wamegeuka rangi ya kutu, na ukiwanusa unapata ile harufu kali ya mafuta yaliyochacha. Dagaa ana mafuta ya omega-3, na mafuta hayo ni laini, yanaharibiwa na hewa na joto.

Utando wa mbegu ya mwanaume umejengwa kwa mafuta ya jamaa hiyohiyo. Ulaini wake ndio unaoiwezesha kupinda mkia, kuogelea na kujipenyeza kwenye yai. Lakini mbegu ni ndogo, haina nafasi ya kubeba kinga yake yenyewe ya kutosha. Moshi wa sigara, mafuta mengi mwilini, kisukari, maambukizi, joto, vyote huzalisha kemikali zinazochachisha mafuta yale, kama jua linavyowafanya wale dagaa. Mbegu hukakamaa, hupoteza mwendo, na vinasaba vilivyomo kichwani mwake hukatikakatika. Vyakula vyenye vitamini C, vitamini E, rangi za mboga na matunda, zinki na seleniamu husaidia kuzuia kuchacha huko. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya lishe hapa: kuleta mafuta mazuri, na kuyalinda.

Hatua ya 3: Panga sahani

Ulaji uliochunguzwa zaidi ni ule wa nchi za Mediterania: mboga, kunde, samaki, karanga, matunda, mafuta ya zeituni, nyama nyekundu kidogo. Utafiti wa Athens uliochapishwa mwaka 2017, wenye wanaume 225, uliona kuwa wasioufuata sana ndio waliokuwa na hatari kubwa ya kuwa na mbegu chache na zisizotembea vizuri. Hispania wakachukua vijana wenye afya 119. Nusu wakala gramu 60 za kokwa za ng'ambo, yaani jozi, lozi na hazelinati, kila siku kwa wiki 14. Idadi ya mbegu ikapanda kama asilimia 16 na mwendo ukaboreka. Niseme ukweli wote: hawakuhesabu watoto waliozaliwa, na jozi si karanga. Lakini mwelekeo ni uleule, nami sioni haja ya kununua vitu vinavyoletwa kwa ndege wakati soko letu limejaa.

Samaki kwanza. Mara tatu kwa wiki, wadogo na wenye mafuta: dagaa, vibua, sato mdogo ukikosa hao. Samaki wakubwa wawindaji kama papa na nduaro hukusanya zebaki mwilini, hao uwale kwa nadra. Dagaa wachague wale wa fedha. Watoe vichwa, waloweke maji ya vuguvugu dakika chache mchanga ushuke, wasuuze, kisha uwapike na kitunguu na nyanya nyingi kwa mafuta kidogo. Nyanya iliyopikwa na mafuta hutoa ile rangi yake nyekundu, likopeni, vizuri kuliko mbichi. Mwisho kamulia ndimu. Kuwakaanga mpaka wawe weusi ni kuyaharibu mafuta uliyokwenda kuyatafuta.

Mboga za majani kila siku, na si kijiko kimoja pembeni ya ugali. Mchicha, matembele, kisamvu, mnavu, sukuma wiki, majani ya kunde: hapo kuna foleti, vitamini inayohitajika kila seli inapogawanyika, na korodani hugawanya seli usiku na mchana. Osha kabla ya kukata, pika kwa muda mfupi, supu yake usiimwage. Kisamvu peke yake ndicho lazima kitwangwe na kuchemshwa sana, kwa sababu ya sumu ya asili ya muhogo.

Zinki ndiyo inayozungumzwa kuliko zote, na kweli mwanaume huihitaji, kama miligramu 11 kwa siku. Nyama ya ng'ombe gramu 100 inakupa karibu 5. Konzi ya mbegu za maboga, gramu 30, inakupa 2 na ushee, korosho kiasi hichohicho 1.7. Maharage na dona zina zinki pia, ila kuna kitu kinaitwa faiteti kinachoishikilia isiingie mwilini. Bibi zetu walikuwa na dawa yake: loweka maharage usiku kucha na umwage maji yale, chachusha uji, kunywa togwa. Ukifanya hivyo faiteti hupungua. Sembe nyeupe imeondolewa kiini na pumba pamoja na sehemu kubwa ya zinki. Rudi kwenye dona.

Matunda hayahitaji maelezo marefu. Pera moja lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Embe, papai, ubuyu, parachichi, kila moja msimu wake.

Siku yenyewe inaweza kwenda hivi. Asubuhi uji wa ulezi uliochachushwa, mayai mawili, pera. Mchana ugali wa dona, maharage yaliyolowekwa, mchicha nusu sahani, kachumbari. Saa kumi jioni konzi ya karanga au mbegu za maboga badala ya soda na keki. Usiku ndizi za kupika au wali kidogo, dagaa, matembele, kipande cha parachichi. Mke ale hichohicho. Kinamfaa naye.

Hatua ya 4: Vitu vya kuondoa

Nianze na mafuta, kwa sababu kuna jambo wengi hawajawahi kulisikia. Miaka ya 1950 huko China ilibainika kuwa vijiji vilivyopikia mafuta ghafi ya mbegu za pamba vilikuwa na familia zisizopata watoto. Kilichohusika ni kemikali ya mmea wa pamba iitwayo gosipoli, inayozuia utengenezaji wa mbegu. Wachina waliijaribu baadaye kama kidonge cha uzazi wa mpango kwa wanaume zaidi ya 8,000. Ilifanya kazi, lakini baadhi yao uwezo haukurudi, na wakaachana nayo. Nalitaja kwa ajili ya ndugu zangu wa Simiyu, Shinyanga na Mwanza, ambako pamba ndiyo shamba na mafuta yake ndiyo jikoni. Mafuta ya pamba yaliyosafishwa kiwandani huondolewa gosipoli. Yale meusi yanayotoka moja kwa moja kwenye kinu, usipikie.

Halafu karanga. Zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu zinaweza kuwa na sumukuvu, ile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 kupitia mahindi. Kwenye wanyama wa maabara sumu hii imeonekana kudhuru korodani. Chambua karanga kwa mkono, mbovu zitupe. Usiziweke kwenye unga wala kumpa kuku.

Mafuta ya chipsi yaliyotumika siku nzima yamekwisha kuchacha kabla hayajaingia mwilini mwako. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa zimehusishwa na mbegu zenye maumbo mabaya, na soda nyingi zimehusishwa na mwendo hafifu wa mbegu. Sigara acha kabisa, hapa sina nusu. Pombe: utafiti wa vijana wa Denmaki mwaka 2014 uliona mbegu zikipungua ubora kadiri vinywaji vya wiki vinavyoongezeka, na hali ikawa mbaya zaidi kwa waliopita 25. Kwa siku hizi 90 nawaomba wanaume waache; ni miezi mitatu tu. Miraa nayo: watafiti waliowapima walaji wa muda mrefu Yemen walikuta mbegu chache na dhaifu.

Hatua ya 5: Pima kiuno chako

Mafuta ya tumboni hubadilisha testosteroni, homoni ya kiume, kuwa estrojeni, homoni ya kike, na ubongo ukiona hivyo hupunguza amri ya kutengeneza mbegu. Juu ya hapo, mapaja manene hupasha joto korodani, ambazo zinatakiwa kuwa chini ya joto la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia kiuno kwenye usawa wa kitovu. Ukipita sentimita 94 una la kufanya: sahani ndogo, kutembea dakika 30 kila siku, sukari kidogo kwenye chai. Kisukari kipimwe hapohapo. Waliokonda sana nao wapandishe uzito, kwa sababu mwili wenye njaa huacha uzazi mpaka shibe irudi.

Dereva wa bodaboda, shuka kwenye siti kila ukipata nafasi, na vaa nguo ya ndani isiyobana. Kijana wa jimu, sindano za testosteroni na vidonge vya kujaza misuli huzima kiwanda cha mbegu. Mwili ukiona homoni imekuja kutoka nje, korodani hulala. Kuamka kwake kunaweza kuchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka.

Hatua ya 6: Vidonge vya virutubisho

Swali hili huja kila siku, kwa hiyo nalijibu kwa utafiti mkubwa uliopo. Mwaka 2020 Marekani walichapisha matokeo ya wanandoa 2,370 waliokuwa wakitafuta mtoto. Nusu ya wanaume walikunywa zinki miligramu 30 na asidi ya foliki (foleti ya vidonge) miligramu 5 kila siku kwa miezi 6, nusu walikunywa vidonge vitupu. Waliopata watoto walikuwa asilimia 34 upande wa dawa na 35 upande wa vidonge vitupu. Mbegu hazikuboreka, na waliokunywa dawa waliumwa zaidi tumbo. Kama una upungufu uliothibitishwa, daktari atakuandikia. Kama huna, fedha ya kopo lile inanunua samaki na matunda ya wiki nyingi. Na zinki isizidi miligramu 40 kwa siku, seleniamu mikrogramu 400; kuzidisha kunadhuru.

Hatua ya 7: Siku ya 90

Katika miezi hii yote kutaneni kila baada ya siku mbili au tatu. "Kutunza" mbegu wiki mbili kusubiri siku ya rutuba hakusaidii, zilizokaa sana huchakaa. Siku iliyozungushiwa kalenda ikifika, rudia kipimo, maabara ileile ikiwezekana, kwa idadi ileile ya siku za kujizuia, ili namba zilinganike.

Zikipanda, endeleeni. Zikibaki palepale au ikiandikwa kuwa hakuna mbegu kabisa, msianze siku nyingine 90 za chakula. Nendeni kwa daktari wa mfumo wa mkojo na uzazi wa wanaume, mkiwa wawili, na karatasi zote mbili za baba ndani ya bahasha ileile ya mama. Atazisoma pamoja, atampapasa baba korodani, ataagiza homoni, na ndani ya wiki chache mtajua kama ni mirija, mishipa au kitu kingine.

Na pikipiki iachwe na mlinzi. Ndani kuna viti viwili.